Fidla ya Baba Yaenda Moratuwa

Siku ya kwanza

Nimetua Colombo, Sri Lanka, alfajiri. Swali la kwanza la forodhani lilikuwa, ndani ya kasha mna nini? "Fidla," nikajibu, kisha nikakumbuka kusema Kiingereza. Afisa akafungua, akaitazama ile maiti: nyuzi mbili, shingo imefungwa kwa uzi wa kushonea viatu, kigingi kimoja cha kukazia nyuzi hakipo kabisa. Akacheka. Nikamweleza kwamba ni ya marehemu baba na naipeleka kwa fundi, Moratuwa. Akaacha kucheka. Akalifunga kasha pole pole, akanirudishia kwa mikono miwili.

Baba alikuwa seremala wa Mji wa Kale, Mombasa. Mchana randa, usiku fidla katika kikundi cha taarabu. Alikuwa na redio ya mawimbi mafupi ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa, na akiiwasha ilikuwa ni kutafuta Siloni, jina la zamani la Sri Lanka. Radio Ceylon, idhaa ya Kihindi. Nyimbo za filamu za Bombay zilivuka bahari kutoka kisiwa hiki, na wapigaji wetu wakazidaka hewani na kuzivisha maneno ya Kiswahili. Waliokua wakimsikia Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu, wanajua ninachosema.

Mimi nilikuwa karani bandarini. Mhandisi mmoja wa meli, Msinhala, alikwama kwetu wiki tatu meli yao ikingoja vipuri, na akawa anakuja kula kwetu. Siku moja akaiona fidla ukutani. Akaniuliza kama namjua W. D. Amaradeva. Simjui. Akaimba kidogo, sauti mbovu lakini moyo wote, halafu akaniambia jambo moja lililonikaa kooni miaka yote hii: huyo Amaradeva, mwimbaji mkubwa kuliko wote kwao, alizaliwa nyumbani kwa seremala, na seremala mwenyewe akitengeneza fidla.

Mhandisi huyo ndiye mwenyeji wangu leo. Amestaafu. Namwita aiya, yaani kaka, kwa kuwa amenizidi miaka na kwa kuwa hapa hivyo ndivyo mtu amwitavyo aliyemzidi. Yeye ananiita malli, mdogo wangu. Nina miaka hamsini na minane na sikumbuki mara ya mwisho kuitwa mdogo wa mtu.

Siku ya pili

Asubuhi aiya amenipeleka Uwanja wa Uhuru. Ni ukumbi usio na kuta, nguzo za mawe zilizochongwa, simba wa mawe wamekaa pembeni, na watu wa mazoezi wanaukimbia mzunguko kama hawauoni. Hapa ndipo Amaradeva alipoagwa. Alifariki tarehe 3 Novemba 2016, akiwa amebakiza mwezi mmoja tu kutimiza miaka 89, na serikali ikatangaza wiki nzima ya maombolezo. Wiki nzima, kwa mwimbaji. Aiya alikuwamo kwenye umati, na kilichomshangaza, anasema, ni jinsi watu walivyokuwa wakiimba chini chini bila mtu kuwaongoza, wazee na watoto wa shule, nyimbo zile zile.

Si mbali na hapo yapo majengo ya redio ya taifa, mrithi wa ile Radio Ceylon ya baba. Tumesimama nje ya ukuta tu. Nilitaka kuuona.

Hapa ndipo kisa kinaponikuna. Redio ile ile iliyokuwa ikimwaga nyimbo za Kihindi hadi kwetu, ndani yake palikuwa na Wasinhala wanaoumia. Nyimbo zao za santuri na za filamu miaka ya 1940 zilikuwa, nyingi mno, mahadhi ya Kihindi yaliyovishwa maneno ya Kisinhala. Sisi Mombasa tulifanya vivyo hivyo na hatukuona aibu. Ilikuwa ni ufundi, na mpaka leo nitamtetea Bhalo mbele ya yeyote. Lakini wao walikuwa wamepata uhuru mwaka 1948 na swali likawa kali: muziki wetu ni upi?

Mwaka 1952 redio ikamwalika kutoka India bingwa S. N. Ratanjankar, mkuu wa chuo cha muziki cha Bhatkhande, Lucknow, aje awapime waimbaji na kuwapanga madaraja. Wengine walikubali kupimwa. Sunil Santha, aliyekuwa akipendwa mno wakati ule, alikataa kata kata, na msimamo wake ukamgharimu redioni. Cha ajabu ni kwamba yule Mhindi mwenyewe ndiye aliyewaambia wachimbe kwao, kwenye nyimbo za wakulima na za vijijini.

Aiya yuko upande wa Sunil Santha. Nimemuuliza mbona basi anamwimba Amaradeva, aliyekwenda kusoma Lucknow kwenyewe. Akasema, "Malli, huyu alikwenda kuchukua patasi. Hakwenda kuchukua kiti."

Nimeandika haraka kabla sijasahau.

Siku ya tatu

Treni ya pwani kutoka stesheni ya Fort. Milango iko wazi, miguu ya vijana inaning'inia, bahari iko kulia karibu kiasi cha kurushiwa chumvi usoni. Wauzaji wanapita na badia za dengu zilizobandikwa kamba wa baharini juu, zimefungwa kwenye karatasi ya daftari la mtoto wa shule. Yangu ilikuwa na hesabu za kugawanya, mbili zimekosewa.

Tumecheza mchezo wa maneno njia nzima. Meza kwao ni mesaya. Leso ni lensuwa. Tumecheka mpaka mama mmoja akageuka. Mreno alifika kwao 1505, kwetu Fort Jesus ikaanza kujengwa 1593, na kote alikopita aliacha samani na majina. Ndiyo maana mwimbaji wa Kibuddha wa kisiwa hiki alizaliwa akiitwa Albert Perera, na katikati pameketi "Don". Jina Amaradeva alipewa baadaye na Ediriweera Sarachchandra, mwandishi wa michezo ya jukwaani. Amara ni asiyekufa, deva ni mungu. Jina zito kumtwika kijana. Alilibeba.

Ila jina lililonisimamisha ni la ukoo, lile refu ambalo kwa kawaida hufupishwa kwa herufi. Ndani yake mna "waduge". Aiya amenifafanulia: wadu ni useremala, ge ni nyumba. Nyumba ya seremala. Kwa hiyo ile W unayoiona kwenye kila santuri imeficha ukoo wenye randa na msumeno. Nimerudia neno hilo kimya kimya, waduge, waduge, mpaka Koralawella.

Koralawella ni kituo kidogo baada tu ya kituo cha Moratuwa. Alizaliwa hapa tarehe 5 Desemba 1927, kitinda mimba wa watoto saba. Nilitarajia nini, sijui, labda kijiji. Ni mji uliokwisha ungana na Colombo, barabara ya Galle inanguruma, na kila hatua mbili pana duka la samani: vitanda, makabati, viti vya kifahari vimefunikwa nailoni barazani. Moratuwa yote ni mji wa maseremala, na nyuma ya maduka ndiko kwenye karakana, zinafika hadi karibu na ziwa la Bolgoda. Pana makanisa na mahekalu, tena jirani kwa jirani. Mtoto aliyekua hapa alisikia kengele na ngoma na msumeno, vyote kabla ya chai.

Tena mji huu huu ni ngome ya baila, ule muziki wa kuchezea harusini uliotokana na Wareno na Waafrika wao. Nikamtaja M. S. Fernando, mfalme wa baila. Aiya amenyamaza. Wapenzi wa Amaradeva, nimegundua, hawapendi baila itajwe kwa pumzi moja naye. Kama vile ukae na wazee wa taarabu asilia uwatajie rusha roho.

Na fundi? Karakana zote zimefungwa! Leo ni Poya, mwezi mpevu, na hapa kila mwezi mpevu ni sikukuu. Watu wamevaa nyeupe, wanakwenda hekaluni na maua ya yungiyungi. Aiya anaapa kwamba alisahau. Mkewe, kwa simu, anaapa kwamba alimkumbusha. Tumerudi na fidla yetu.

Siku ya nne

Mvua na tumbo. Nadhani ni ile badia. Mke wa aiya amenipikia uji wa mchele wenye majani, mchungu kidogo, na nusu ya sukari guru ya kutafunia kando. Mama amepiga simu kutoka Mombasa. "Mwanangu, Siloni kukoje?" Nikamwambia ni kama kwetu. "Basi ulifuata nini huko?"

Siku ya tano

Kandy, milimani, saa tatu kwa treni. Baridi ya kuvaa sweta.

Amaradeva aliporudi kutoka Lucknow, alikosomea fidla na uimbaji, alikuwa na raga zote, yale mahadhi ya asili ya Kihindi, mfukoni. Wengi wangeishia hapo, wakae kwenye zulia waitwe Pandit, yaani bingwa. (Aliitwa Pandit kweli, hadi kufa.) Lakini yeye katika mradi wa redio ulioitwa Jana Gayana, miaka ya 1950, aliwafuata mabingwa wa ngoma za huku milimani, Pani Bharata, Suramba na wenzao, akaketi miguuni pao kujifunza wimbo wa Kisinhala umejengwaje.

Jioni tumetazama wachezaji. Pana nyimbo za ngoma ziitwazo vannam, kumi na nane, nyingi zikiwa za wanyama: ya ndovu inatembea kwa uzito, ya tausi inajivuna. Nilipofumba macho nikasikia ni sauti moja tu inayozunguka, inakwenda na kurudi pale pale, ndani ya uzio mdogo wa noti. Nyimbo za mashambani ndivyo zilivyo zaidi. Zipo za palizi, za waendesha mikokoteni ya ng'ombe, na zipo za mtu aliyekesha peke yake juu ya kibanda akilinda shamba dhidi ya nguruwe na ndovu. Hapo nikaruka kitini: ni dungu! Ni kuamia! Wabajuni wana vave, nyimbo zao za shambani, na mlinzi wa Kisinhala ana zake.

Alichofanya Amaradeva, kwa lugha ya fundi, ni hiki. Ule wimbo wa shambani wenye sauti moja inayojirudia aliuacha kama ulivyo, akaufanya kiitikio. Kisha akachonga beti za kuuelekea, zenye mahadhi yanayopanda kutoka mahali pengine, mara nyingi kutoka kwenye raga, ili msikilizaji akifika kwenye kiitikio aone amefika nyumbani. Vipande viwili, kiungo kimoja, msumari hauonekani. Juu ya kiungo hicho ulisimama mtindo mzima wa sarala gee, nyimbo nyepesi, waliouendeleza akina Victor Ratnayake na Sanath Nandasiri.

Baba alikuwa akisema seremala anayeonyesha misumari ni mtengeneza masanduku.

Siku ya sita

Tumerudi Colombo mchana. Jioni imekuwa ya santuri na ya ubishi, sebuleni kwa aiya, vibibi vyao vyenye umbo la bakuli, yai katikati, na chatne ya nazi yenye pilipili ya kutoa machozi.

Mke wa aiya ndiye mjuzi kweli. Aiya ana hisia tu. Ameniwekea kwanza mambo ya filamu. Kijana Albert aliingia kwenye filamu ya Asokamala ya mwaka 1947, chini ya mwanamuziki Mohamed Ghouse, zama ambazo filamu za Kisinhala zilipigiwa studio za India Kusini. Miaka kumi na sita baadaye ni yeye aliyetunga muziki wa Gamperaliya, filamu ya Lester James Peries iliyotoka nje ya studio ikaingia kijijini. Ukisikiliza vyote viwili jioni moja unaona mtu aliyebadili dira baharini.

Halafu Mahagama Sekera, mshairi na mchoraji, aliyekufa mapema, mwaka 1976. Mama huyu akitaja jina lake anashusha sauti. Sekera aliandika, Amaradeva akaimba. Kwetu ningesema ni kama mtungaji na mwimbaji wa taarabu waliokutana wakashibana, hujui neno limeanzia wapi na sauti imeishia wapi. Nyimbo zao anazifasiri mstari kwa mstari huku mumewe akimkatiza. Mapenzi yao hayana goma wala mafumbo ya kumchoma jirani. Ni mtu anaongea peke yake usiku. Mimi mtoto wa mipasho nilikosa kidogo pilipili, nikiri.

Familia ya Amaradeva niliulizia mapema, kwani fidla ilipita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana na nilitaka kujua ilikwenda wapi tena. Mkewe, Wimala, naye ni mwimbaji, na aliishi naye ndani ya kazi hiyo hiyo. Walijaliwa mwana, Ranjana, na mabinti wawili, Subhani na Priyanvada. Ranjana anaimba. Mke wa aiya ametuwekea mwana akiimba wimbo wa baba, na chumba kikagawanyika: yeye anasema sauti ile ile, aiya anasema mwana asilinganishwe, ni dhambi. Mimi nilikuwa nafikiria kitu kingine. Mimi sikujifunza fidla sawasawa. Najua nyimbo nne, na mbili kati ya hizo naziharibu. Baba hakunilazimisha wala mimi sikumuomba, tukawa kama watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja anamngoja mwenzake apite kwanza.

Kitu kingine alichonionyesha mama huyu ni picha ya chombo ambacho Amaradeva alikibuni mwenyewe, mandolini iliyooana na kinubi, kikaitwa mando-harp. Mtoto wa seremala hatulii akiona mbao.

Siku ya saba

Kaskazini, kuelekea Puttalam, hadi Sirambiadiya. Aiya hakutaka kuja. Mwanawe ndiye aliyenipeleka, saa nne za joto.

Hapa wanaishi familia chache za watu wenye asili ya Afrika, wazao wa askari na watumwa walioletwa na Wareno, Waholanzi na Waingereza, wengi wakitokea pande za Msumbiji. Wanaitwa, na wanajiita, Kaffir. Neno hilo sikio la Mswahili linaruka, wao hawana habari; wengi ni Wakatoliki na jina limebaki jina. Walinikaribisha kwa chai. Kisha akina mama wakachukua vijiko, chupa na vifuu vya nazi, wakaimba manja, ngoma yao.

Inaanza pole pole, karibu ya kuchosha, kisha inakaza mwendo, inakaza, mpaka mabega yanacheza yenyewe. Maneno ni Kireno kilichochakaa, hata wao hawayajui yote. Mpigo wenyewe nimeukuta Moratuwa ndani ya baila, na kama masikio hayanidanganyi nimewahi kuukuta kwenye chakacha. Bibi mmoja alinishika uso, akaugeuza kushoto na kulia, akasema jambo. Kijana akanitafsiria: "Anasema wewe ni mtoto wa mdogo wake."

Nilishindwa kunywa chai kwa muda.

Amaradeva hahusiki na siku hii. Naiandika kwa sababu ilikuwepo.

Siku ya nane

Moratuwa tena, na leo karakana zinapiga kelele.

Fundi hapa huitwa baas, neno waliloachiwa na Waholanzi. Tumezungushwa: wa kwanza anafanya vitanda tu, wa pili akaitazama fidla akatikisa kichwa, wa tatu akatuelekeza kwa mzee mmoja nyuma ya duka la majeneza. Mzee ana miwani imefungwa kwa waya. Mezani kwake mna gitaa lisilo na mgongo na zeze la mtoto. Hakuuliza lolote. Aliipiga fidla mgongoni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akaipiga pembeni, akasikiliza. Kisha akaanza kuukata ule uzi wa viatu, na mimi nikasema, ngoja, baba ndiye aliyeufunga.

Aiya akatafsiri. Mzee akaniangalia juu ya miwani, akaukata hata hivyo, akanipa mkononi.

Shingo aliigundisha na kuibana. Kijiti cha ndani kilikuwa kimelala, akakisimamisha kwa chuma kilichopinda, akichungulia tunduni kama daktari wa meno. Nikatembea ufukweni, nikarudi, nikala wali na samaki na kari ya fenesi, nikarudi. Alasiri akawa anachonga kigingi. Nikamuuliza ni mti gani. "Kaluvara." Mweusi tititi. Kwetu ningeuita mpingo, ingawa wetu ni mti mwingine. Kaluvara sasa ni wa kulindwa, haukatwi hivi hivi. Huu ulikuwa kipande cha mguu wa kiti cha zamani. Vigingi vitatu vya baba ni vya mpingo wa Kenya, alivichonga mwenyewe. Cha nne kimetoka kwenye kiti cha Siloni.

Nilimuuliza kama alimjua baba yake Amaradeva. Mzee akacheka, meno manne: "Mimi nina umri gani kwani?" Lakini marehemu babu yake, anasema, aliwajua wote wa mtaa ule. Kila nyumba ilikuwa na randa. Wachache walikuwa na fidla.

Akatia nyuzi nne, akaniashiria nipige. Nikaharibu wimbo mmoja kati ya ile minne. Akaichukua, akakaa chini kwa namna yao, kichwa cha fidla juu ya kifundo cha mguu, akapiga mistari miwili ya wimbo ambao aiya aliimba nyumbani kwetu miaka ile. Aiya alitoka nje.

Malipo aliyotaja yalikuwa madogo nikaona haya. "Kigingi kipya kitateleza," akaniambia wakati wa kuagana. "Tia chaki."

Siku ya tisa

Ndege ya kurudi imepitia Male, Maldivi. Saa tano za kungoja.

Hili nililiweka akiba tangu siku ya sita. Wamaldivi walikuwa na wimbo wa taifa wenye maneno ya Jameel Didi ya mwaka 1948, lakini mahadhi yake yalikuwa ya wimbo wa Kiskoti, ule Wazungu wanaouimba usiku wa mwaka mpya. Mwaka 1972 Malkia wa Uingereza akawa anakuja kuwatembelea, wakaona haiwezekani. Mahadhi mapya wakamwomba Amaradeva. Kwa hiyo kila asubuhi watoto wa visiwa hivi, Waislamu watupu, wanasimama mstarini kuimba sauti ya mtoto wa seremala wa Koralawella.

Kijana wa usafi alisimama karibu na kasha langu. "Kinubi?" Fidla, nikamwambia. Nikamuomba aniimbie wimbo wa taifa lao, taratibu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaegemeza fagio, akaimba, huku mkono mmoja umeganda ubavuni kama askari. Nikamtafutia noti moja moja kwenye nyuzi za baba. Abiria wawili wakaondoa vizibo vya masikioni.

Tulifika ubeti wa pili. Kigingi cha kaluvara kikateleza, uzi ukalegea kwa mlio wa paka, na kijana akaendelea kuimba peke yake huku mimi nikipekua mifuko, natafuta chaki.